Kupika kwa Kuni Bila Kusugua Masizi: Paka Sufuria Kabla ya Kuinjika

Hakuna kazi ya jikoni inayokimbiwa kama kusugua masizi. Sahani zitaoshwa, sakafu itapigwa deki, lakini sufuria iliyotoka mafigani itasukumwa pembeni hadi kesho, na kesho yake masizi yamekuwa magumu zaidi. Wanaoanza kupikia kuni, hasa waliokulia kwenye gesi, huuliza mambo yaleyale: nitumie waya gani, nisugue kwa mchanga au kwa majivu, niloweke kwa muda gani? Maswali yote hayo yamechelewa. Sufuria huokolewa kabla haijagusa moto. Ukitumia dakika 3 kuipaka kwa nje, masizi yatalala juu ya mpako, na mpako ukitoka kwa maji yanatoka nao.

Waya wenyewe ni sehemu ya tatizo. Kila unaposugua unaacha mikwaruzo myembamba kwenye aluminiamu, na safari ijayo masizi yanajikita humo humo. Ndiyo maana sufuria inayosuguliwa sana ndiyo inayoshika masizi upesi, na ndiyo inayotoboka mapema.

Maelezo haya ni ya sufuria na mabirika ya aluminiamu yanayopikiwa kwenye mafiga au jiko la kuni. Wa mkaa, wa mafuta ya taa na wa gesi nao wamewekewa sehemu yao, fupi kidogo, kwa sababu shida yao ni ndogo na dawa yake iko kwenye jiko zaidi kuliko kwenye sufuria.

Masizi yanatoka wapi

Masizi ni kaboni ambayo haikumaliza kuungua. Ulimi wa moto ukikosa hewa, au ukigonga sufuria iliyopozwa na maji yaliyomo ndani, kuungua kunakatika njiani na ule weusi unabaki kwenye kitako. Kuni mbichi huongeza lami, na hiyo ndiyo inayofanya masizi yanate na kung'aa kama rangi ya mafuta. Kwa hiyo kazi ina pande mbili: mpako unaozuia masizi yasiguse sufuria, na moto usiotoa masizi mengi. Mpako mzuri juu ya moto mbaya utakuokoa nusu tu.

Vya kuandaa

- Sufuria safi na kavu kwa nje.
- Sabuni ya mche (wengine huiita sabuni ya kipande) isiyo na manukato makali, au sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, chukua ya maji. Sabuni ya mche kwenye maji ya chumvi huganda vipande vipande badala ya kuenea.
- Majivu ya kuni yaliyochekechwa. Majivu ya takataka hayafai, huwa na vipande vya bati na plastiki iliyoyeyuka.
- Udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu, uliopondwa na kuchekechwa. Wa kichuguu ni mzuri kwa sababu mchwa wameshausaga laini na unashikana vizuri.
- Bakuli kuukuu, kijiko cha chakula na kikombe cha chai.
- Kitambaa kimoja kilichotengwa kwa masizi peke yake. Kikiingia kwenye sahani mara moja tu, utakuwa umepaka weusi vyombo vyote.
- Dodoki, au makumbi ya nazi.
- Ndimu 2 au limau 1.
- Kuni kavu.

Vyombo ambavyo hutakiwi kupaka

Chungu cha udongo usikipake sabuni kabisa. Chungu kina vitundu visivyoonekana kwa macho, kinanyonya sabuni, na mchuzi wa samaki utanukia sabuni kwa wiki kadhaa. Weusi wa nje wa chungu uache, ufute tu kwa kitambaa kikavu ili usichafue mikono.

Sufuria zenye ngozi nyeusi ndani isiyoshika chakula, na zile zenye vishikio vya plastiki, hazikutengenezwa kwa ajili ya kuni. Ngozi ile huharibika ikipata joto kali, na vishikio huyeyuka. Hakuna mpako utakaozisaidia.

Na ile sufuria kuukuu ya maji ya kuoga? Iache nyeusi. Kama masizi yake ni membamba na makavu, inachemsha sawasawa na nyingine. Tatizo huanza masizi yakiwa mazito kama gamba, maana hapo yanazuia joto na kuni zinaisha bure. Kwangua gamba hilo kwa kifuu mara moja moja, yatosha.

Hatua kwa hatua

1. Anza na sufuria iliyo safi. Mpako ukipakwa juu ya masizi ya zamani hautaondoa chochote isipokuwa masizi mapya. Kwa hiyo utasugua mara hii moja. Chukua beseni linaloingia sufuria, tia maji ya moto na sabuni ya unga vijiko 3 vya chakula, loweka kwa dakika 30. Kisha ipindue, nyunyiza majivu yaliyochekechwa, sugua kwa makumbi ya nazi au kwa nusu ya ndimu iliyokamuliwa. Kama masizi yana lami inayonata, tangulia kwa kupaka mafuta ya kupikia kidogo, acha dakika 10, futa, ndipo uje na sabuni. Lami haiogopi maji, inaogopa mafuta.

Tahadhari mbili hapa. Usiache majivu mabichi juu ya aluminiamu usiku kucha, kwa sababu maji ya majivu ni makali na hula aluminiamu, utakuta madoa yasiyofutika. Magadi ni vilevile. Pili, wapo wanaomimina dawa ya kung'arishia nguo nyeupe halafu wakaongeza ndimu au siki ili ifanye kazi haraka. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini inayoumiza mapafu. Usiufanye, hata ukiwa nje.

2. Chagua mpako kulingana na chakula. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanatumia sabuni kwa kila kitu, na ikishindwa kwenye maharage wanasema njia haifai. Kuna mipako mitatu na kila mmoja una kazi yake.

*Sabuni tupu* ni ya chakula chenye maji kinachoiva chini ya saa 1: chai, uji, wali, ndizi, mchuzi mwepesi. Maji yakiwamo ndani, kitako hakipiti sana nyuzi 100, na sabuni inastahimili joto hilo. Kwa sufuria ya wali wa kilo 1, sabuni ya maji vijiko 2 vya chakula inatosha. Kama ni ya mche, lowesha kipande na ukisugue moja kwa moja juu ya sufuria.

*Majivu na sabuni* ni ya saa 1 hadi 2, na ya chakula kinachoanza kwa kukaanga, kama pilau, ambapo vitunguu vinakaa kwenye mafuta mpaka viwe vyekundu. Changanya majivu vijiko 4, sabuni ya maji vijiko 2 na maji vijiko 2. Upate kitu kizito kama samli iliyoganda nusu. Kikiwa chepesi kitachuruzika, kikiwa kizito sana kitamomonyoka.

*Udongo* ni wa maharage, makande, supu ya makongoro, kukaanga samaki au maandazi, na sufuria kubwa za shughuli. Changanya udongo vikombe 2, majivu kikombe 1, na maji kidogo kidogo mpaka uwe kama uji mzito. Mara nyingi kikombe 1 cha maji kinatosha. Sufuria ya kawaida itakula kikombe kimoja hivi cha tope hilo. Sufuria ya shughuli yenye upana wa sentimita 70 itataka lita 2 na nusu hadi 3, basi andaa ndoo. Udongo hauungui, ndiyo maana unavumilia pale sabuni inaposhindwa. Ubaya wake ni kwamba unachelewesha chakula kuchemka, na ukiwa mzito utauona ucheleweshaji huo.

3. Paka. Pindua sufuria juu ya stuli au ndoo. Anzia katikati ya kitako, zungusha kwa kiganja ukienda nje, kisha panda ubavuni. Usiruke pale kitako kinapokutana na ubavu. Kona hiyo ndiyo inayolambwa na moto kuliko sehemu yoyote, na ndiyo wanaoanza wanaisahau.

Simamia vidole viwili chini ya ukingo, yaani sentimita 3 hivi. Sababu ni chakula: kikifurika na kukutana na sabuni ukingoni, povu linarudi ndani. Ukingo wenyewe unaushika kwa tambara wakati wa kuepua, nao unatakiwa uwe mkavu usioteleza.

Unene wa mpako: sabuni iwe kama utando unaouona kwa mng'ao tu, majivu na sabuni kama karatasi nene, udongo kama unene wa kucha, milimita 1 hadi 2. Usidhani kwamba ukizidisha utapata kinga zaidi. Mpako mnene hupasuka, vipande vikaanguka motoni, na pale palipobaki wazi ndipo masizi yanapojazana.

4. Acha ukauke. Sabuni dakika 5, majivu na sabuni dakika 15. Udongo unataka kivuli na dakika 30 hadi saa 1. Juani utakauka juu na kubaki mbichi chini, na huo ndio mwanzo wa nyufa. Kama una haraka, sogeza sufuria karibu na moto, si juu yake, na uigeuzegeuze. Mpako mbichi ukiinjikwa unachemka wenyewe, unatoa malengelenge na kubanduka.

Ukitaka kujua kama umekauka, gusa kwa kidole. Kidole kikitoka na doa, subiri.

5. Washa moto kwanza, sufuria ikiwa pembeni. Dakika za mwanzo za moto ndizo zenye moshi mwingi kuliko zote. Anayeinjika sufuria na kuanza kupuliza chini yake anaifukiza bure. Washa kwa majani makavu na vijiti vyembamba, ongeza vya unene wa kidole, halafu kuni za unene wa kifundo cha mkono. Subiri mpaka moshi upungue na ndimi zisimame, dakika 5 mpaka 10.

Usiwashie plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 na Tanzania Bara ikafuata mwaka 2019, lakini vipande vya ndoo, chupa na vifungashio bado vinaishia mafigani kila asubuhi. Plastiki inatoa masizi ya mafuta yanayopenya hata mpako, na moshi wake ni sumu kwa anayepika na kwa mtoto aliyebebwa mgongoni.

Kuhusu kuni zenyewe: gonga mbili pamoja. Zikilia "ko!" ni kavu, zikitoa sauti ya kufifia bado zina maji. Kuni kavu huwa na nyufa kwenye ncha, na gamba lake hubanduka kwa urahisi. Ukiona ncha inatoa povu na kuchirizika motoni, hiyo ni mbichi, itoe uiweke ikauke. Gogo lililopasuliwa hukauka upesi zaidi ya lililoachwa zima, kwa hiyo pasua mapema na uzipange chini ya paa zikiwa zimeinuliwa kutoka ardhini. Zilizokatwa mwanzoni mwa kiangazi zitakuwa tayari kabla ya masika.

Pwani, mvinje ni kuni njema kweli, unawaka kwa joto kali na moshi kidogo. Bara, migunga inawaka vizuri na kuacha makaa ya kudumu. Misonobari ina utomvu mwingi, na moto wake unatoa moshi mweusi hata ikiwa kavu. Vifuu na makumbi ya nazi navyo hutoa moshi: tumia kuwashia, usipikie navyo mwanzo hadi mwisho.

6. Injika, lakini upe moto nafasi. Kati ya ardhi na kitako kuwe na sentimita 15 hivi. Sufuria ikikaa chini mno inazima ncha za ndimi na kujipaka masizi. Ikikaa juu mno unachoma kuni bila faida. Weka kipande cha tofali chini ya kuni ili ncha zake zinyanyuke na hewa ipite kwa chini. Badiliko hili peke yake, bila mpako wowote, linapunguza moshi kwa kiasi utakachokiona siku hiyo hiyo.

Iteremshe sufuria wima juu ya mafiga. Ukiiburuza, mawe yanakwangua mpako, na utakuta alama tatu nyeusi mahali pa mafiga matatu.

7. Wakati wa kupika, sukuma kuni kidogo kidogo. Tatu au nne zinatosha. Kuzijaza zote ni kuziba njia ya hewa, moto unafifia na moshi mzito unapanda. Ncha inayowaka tu ndiyo iwe chini ya sufuria. Ikiisha, sukuma mbele. Chakula kikishachemka, toa ukuni mmoja.

Sufuria usiijaze zaidi ya robo tatu. Maharage yaloweke tangu usiku, hivyo unapunguza muda wa kukaa motoni, na kila dakika iliyopungua ni masizi yaliyopungua.

Kama unapalia wali, kumbuka mfuniko nao unapata moto wa makaa juu yake. Usiupake sabuni, utaungua na kunuka. Tandaza majivu makavu juu ya mfuniko kabla ya kuweka makaa, nayo yatamwagika yote ukiuinamisha. Uinamishe mbali na sufuria.

8. Epua na usubiri dakika 10. Sufuria iliyopakwa usiiweke juu ya meza wala mkeka, iweke juu ya mchanga au tofali. Usiimwagie maji baridi ikiwa bado ya moto sana, aluminiamu nyembamba hujikunja na kitako kikavimba. Baada ya hapo haitakaa sawa juu ya jiko la gesi. Lakini usiiache mpaka kesho pia. Uvuguvugu ndio wakati wake.

9. Osha nje kabla ya ndani. Hamishia chakula kwenye bakuli au hotipoti, pindua sufuria, mwagia maji kidogo kitakoni na uache yanyonywe kwa dakika 2. Kisha pitisha kile kitambaa cha masizi kutoka juu kwenda chini, bila kubonyeza. Sabuni itateleza na weusi wake. Suuza, halafu malizia kwa dodoki lenye sabuni safi. Yote ni dakika 3 au 4. Ukijikuta unasugua kwa nguvu, hatua mojawapo hapo juu imerukwa.

Mpako wa udongo uloweshe kwa dakika 5, utalainika na kubanduka kwa mkono. Mabaki yake mwaga shambani au chini ya mgomba, usiyapeleke kwenye sinki. Udongo na majivu hutuama kwenye kona ya bomba na kuziba.

Kwa sufuria ya shughuli itakayorudi motoni kesho, kama ilivyo msibani, si lazima uutoe mpako wa udongo. Ziba nyufa kwa tope jipya, acha likauke, injika tena. Mpako mmoja unaweza kutumika siku 3, ukiutunza usinyeshewe.

10. Kausha kabla ya kupanga. Futa nje kwa kitambaa cheupe kisafi. Kikitoka cheupe, panga. Sufuria moja yenye masizi ikiingizwa ndani ya nyingine, utasugua mbili.

Mkaa, mafuta ya taa na gesi

Mkaa ulioshika vizuri hautoi masizi mengi. Weusi unaouona kwenye sufuria ya jiko la mkaa hutoka kwenye dakika za kuwashia. Acha jiko nje mpaka moshi uishe na makaa yaanze kuvaa majivu meupe, dakika 10 hadi 15, ndipo uinjike. Vipande vya mkaa visivyoiva, vile vyenye rangi ya kahawia, vitoe. Hivyo bado ni kuni. Kisha kumbuka kwamba mkaa usio na moshi haumaanishi mkaa usio na hatari. Hewa yake ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na huua waliolala. Usipikie ndani ya chumba kilichofungwa, wala usiingize jiko ndani kwa ajili ya joto.

Jiko la mafuta la tambi likitoa masizi, mara nyingi tambi hazilingani. Moja ikichomoza zaidi inawaka njano na kupaka sufuria upande mmoja. Zima, acha jiko lipoe, shusha tambi zote, kata ncha zilizoungua kwa mkasi, kisha zipandishe kimo kimoja. Angalia pia kama zile bomba za bati zenye matundu zimekaa sawa kwenye mahali pake. Ndimi za bluu ndizo unazozitaka.

Gesi haitakiwi kuacha masizi hata kidogo. Yakionekana, kichwa cha jiko kimeziba au hewa haiingii ya kutosha. Zima kwenye mtungi, toa kichwa kikiwa baridi, kioshe kwa mswaki na sabuni, zibua matundu kwa sindano. Usitumie njiti ya kiberiti, inakatikia ndani. Kikaushe kabisa kabla ya kurudisha, maana kikiwa na maji moto utaendelea kuwa wa njano. Kama baada ya hapo bado ni wa njano na unapaka sufuria, mwite fundi, na mpaka afike acha madirisha wazi; jiko linalotoa masizi linatoa na kaboni monoksidi. Mwako wa rangi ya machungwa unaotokea baada ya chakula kufurika ni jambo jingine: hiyo ni chumvi iliyomwagikia, nayo haipaki masizi.

Mambo yakienda kombo

*Nilipaka sabuni lakini masizi yameshika mistari mistari.* Mpako ulikuwa na njia za vidole. Maliza kwa kiganja kizima au kwa sponji iliyokamuliwa, ukitazama dhidi ya mwanga. Kama sabuni inajikusanya matone badala ya kuenea, sufuria ilikuwa na mafuta kwa nje. Ioshe upya.

*Kitako ni safi, ubavu ni mweusi.* Moto ni mkubwa kuliko sufuria, ndimi zinapanda pembeni. Punguza kuni, au paka juu zaidi bila kuvuka ile alama ya vidole viwili. Upepo wa upande mmoja nao unafanya hivyo. Kinga kwa bati au tofali.

*Sabuni imekuwa ya kahawia na imegandia.* Ilipata joto la kukaanga, au chakula kilikaukia ndani. Chemsha maji kwenye sufuria kubwa zaidi, kamulia ndimu 2, ingiza iliyogandia na uiache kwa dakika 20. Itatoka kwa dodoki. Safari ijayo tumia udongo.

*Chakula kina ladha ya sabuni.* Kilifurika, au vidole vyenye sabuni viligusa ndani ya ukingo. Futa ukingo kwa kitambaa chenye maji kila ukimaliza kupaka, na uoshe mikono kabla hujashika mchele. Ikitokea kwenye birika, sabuni imepita mdomoni. Mdomo wa birika usiupake.

*Udongo unapasuka na kuanguka.* Umezidi unene, umekaushwa juani, au ni mfinyanzi mtupu. Ongeza majivu nusu kikombe au mchanga laini vijiko 3, na upake tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene, ya kwanza ikauke kwanza.

*Masizi yananata na kung'aa hata baada ya mpako.* Kuni ni mbichi au kuna plastiki motoni. Rudi hatua ya 5.

*Nje pamekuwa peupe lakini ndani pamekuwa peusi.* Hayo si masizi. Ni aluminiamu iliyobadilika rangi kwa maji ya chumvi au magadi, jambo la kawaida kwenye sufuria ya kuchemshia maji ya kisima, na chakula hakina shida. Jaza maji mpaka yavuke alama nyeusi, tia vipande vya limau 1, chemsha dakika 15, mwaga, suuza. Usiguse waya.